Udongo Wazi Katika Parsele za Butembo

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa kiti wala kalamu. Nilipewa ndoo mbili za maji.

Nilikuja nimevaa kitenge kipya na viatu vyeupe nilivyoazima kwa dada yangu, maana nilifikiri kazi ya biro ni kukaa mezani. Biro yetu ilikuwa ya urbanisme, idara inayoangalia jinsi mji unavyojengwa: nani amejenga wapi, ukuta wake uko umbali gani na barabara, maji yake yanakwenda wapi. Ilikuwa na vyumba vitatu vilivyoezekwa manjanja, yaani mabati, juu ya kilima kimoja cha Butembo. Nusu ya ua wake ilikuwa sima, yaani saruji, nusu ilikuwa paspalamu, yale majani mafupi yanayotambaa. Chef de service, mkuu wetu, alikuwa mzee mwembamba, mpima viwanja wa siku nyingi, mwenye sauti ndogo. Hakutaka kuona diploma yangu.

“Unaitwa nani?”

“Masika, mukubwa.”

“Masika, mwanga ndoo moja huku ku sima. Ingine uimwange kule ku majani. Kisha uandike kenye umeona.”

Nilimwaga. Maji ya kwenye sima yalinirudia miguuni, yakalowesha viatu vya dada, yakapita chini ya lango na kushuka barabarani yakibeba vumbi na ganda la ndizi. Ya kwenye majani yalisimama kidogo, kisha yakazama. Niliandika mistari mitatu. Mzee aliisoma, akaikunja karatasi, akaitia mfukoni mwa koti.

“Ni vile,” akasema. “Kazi ni hii. Ingine yote ni ma papiers, makaratasi tu.”

Hivyo ndivyo nilivyoingia katika kazi niliyoifanya mpaka magoti yakakataa. Watoto wa dada zangu waliniita “mama wa kamba”, kwa sababu ya dekameta, ule utepe mrefu wa kupimia niliokuwa nikitembea nao begani. Kipimo chetu kilikuwa hivi. Unafika kwenye parsele, yaani kiwanja cha mtu, unasimika fimbo nne zenye rangi nyekundu na nyeupe kwenye pembe, unavuta utepe kutoka moja hadi nyingine. Kisha unapima nyumba, jiko, choo, baraza, na kila mahali penye sima au mawe ya kutandika. Unachora kwa mkono, palepale, mchoro mdogo tuliouita croquis. Ukitoa vyote hivyo katika ukubwa wa parsele, kinachobaki ndicho kilichoitwa surface libre. Mzee hakulipenda neno hilo. Yeye alisema “udongo wazi”, nasi sote tukasema hivyo. Agizo la biro lilikuwa theluthi moja ya parsele ibaki udongo wazi, wenye majani, mboga au miti. Na maji ya paa yachimbiwe puits perdu: shimo la kina cha mtu aliyesimama, lenye mawe makubwa chini na changarawe juu, linaloyapokea maji na kuyaachia ardhi polepole.

Anayeijua Butembo hahitaji kuelezwa sababu. Mji wetu umekaa juu ya vilima, na vilima vyetu ni udongo mwekundu, mgumu wakati wa jua, laini kama sabuni wakati wa mvua. Na mvua hapa haituachi muda mrefu. Kila paa la manjanja linakusanya maji, kila ua wa sima unayasukuma, na aliye chini ndiye anayeyapokea yote. Mwanzoni yanachora mstari barabarani. Msimu unaofuata mstari unakuwa mfereji. Baadaye unasikia watu wanasema “ravin”, na hapo tayari ni korongo, na kuna nyumba iliyo ukingoni.

Lakini kuwaambia watu jambo hilo kulichosha. Sima kwetu ni heshima. Mtu akimaliza nyumba, anataka ua unaong’aa, mahali pa kuegesha gari, mahali pa kuanikia mihogo. Na wengi walikuwa na haki yao. Nakumbuka mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, mwaka wangu wa kwanza. Nilipomwambia aache sehemu ya ua wake bila sima, aliegemea ufagio akanitazama.

“Mama wa biro, weye unakuja siku moja na unaenda zako. Miye niko nafagia hii matope kila siku. Batoto banaingia nayo mu nyumba, banapanda nayo ku kitanda. Na wewe unasema nisimwange sima?”

Nilirudi kumwambia mzee, nikitegemea angenifundisha la kusema. Akasema, “Ana haki. Uende umusaidie kutafuta kipimo. Usiende kumushinda.” Mwaka uliofuata akastaafu, naye hakupata kuona mambo yaliyokuja.

Baada ya miaka kadhaa walinituma Oicha, kaskazini ya Beni, makao ya territoire, yaani wilaya. Huko nilikuta chef de bureau, mkuu wa biro ya huko, mnene, mcheshi, aliyependa kuketi barazani na kusalimia kila apitaye. Aliniambia siku ileile: “Mama Masika, huku ni tambarare, na pori iko karibu. Maji inajua njia yake. Pumuzika.” Nilipumzika wiki moja. Kisha wanawake wa mtaa mmoja wakaja bironi na madumu matupu. Chemchemi yao ilikuwa imechafuka.

Tulipanda kwenda kuona. Juu ya chemchemi palikuwa na parsele ya Papa Mumbere, mzee wa kanisa na mkulima wa kakao. Alikuwa ameitandika sima yote, ukuta mpaka ukuta, apate kuanika kakao yake. Kila mvua iliosha sima ile, ikabeba maji ya kakao na uchafu wote, ikamwaga kwenye chemchemi.

“Chef,” Papa Mumbere alimwambia mkubwa wangu bila hata kunitazama, “hii kakao ndiyo inasomesha batoto bangu. Niianike mu majani?”

Chef de bureau alinigeukia. “Ona vile. Utasema nini?”

Nilimwuliza Papa Mumbere kama amewahi kuona samaki wanavyokaushwa, juu ya vitanda vya miti. Tukakaa siku mbili uani pake, yeye na mimi, tukifunga miti na kutandika mikeka juu yake. Kakao ikaanikwa pale juu, upepo ukapita chini yake, ikakauka sawasawa. Baada ya mavuno alivunja nusu ya ile sima kwa nyundo yake mwenyewe na kupanda ndizi. Jumapili moja nilimsikia mlangoni mwa kanisa akiwaeleza wenzake jinsi alivyopata wazo la vitanda alipokuwa akiomba. Nilimwachia. Katika kazi yote niliyofanya, hiyo ndiyo parsele pekee ninayokumbuka bila uchungu.

Oicha sikukaa mpaka mwisho. Watu walianza kukimbia vijiji kwa sababu ya vita, biro ikafungwa, ikafunguliwa, ikafungwa tena, nami nikahamishiwa mjini Beni, katika commune, yaani tarafa, ya Beu. Kule mkubwa wangu alikuwa ingénieur kijana, mpole, aliyefanya kila kitu kwenye kompyuta. Parsele zilizokuwa za familia moja sasa zilikuwa na familia nne. Watu waliofika na sufuria moja na mtoto mkononi walijenga vyumba vya mbao penye nafasi yoyote. Ingénieur alinionyesha mchoro mmoja.

“Mama Masika, hapa tuko sawa. Hakuna sima. Yote ni udongo wazi.”

“Ingénieur, twende tumwange maji.”

Alicheka, lakini alikuja. Ule ua ulikuwa umekanyagwa na miguu ya watu ishirini na zaidi, asubuhi mpaka jioni, kwa miezi. Nilimwaga ndoo, na maji yakakimbia kama juu ya meza. Aliyafuata kwa macho mpaka barabarani.

“Sasa tutaandika nini?” akauliza.

“Andika kenye umeona.”

Aliandika. Ila hapo ndipo uchovu ulipoanza kunikaa mwilini. Ningemwambia nani alime ua wake kwa ajili ya maji, wakati hajui kama atalala hapo wiki ijayo? Niliona aibu kufungua utepe wangu mbele ya watu hao. Niliendelea kwa sababu ya mwanamke mmoja aliyetoka upande wa Mbau. Hakuna aliyemwambia kitu. Alichimbua kipande nyuma ya chumba chake, akapanda lengalenga, ule mchicha wetu, na maboga, akakizungushia vijiti watu wasikanyage. Ilipokuja mvua kubwa, maji ya ua mzima yaliingia kwenye kile kipande na hayakutoka. Nilimwuliza nani alimfundisha.

“Kufundishwa nini, mama? Nilikuwa na njaa,” akasema.

Tangu siku hiyo niliacha kuanza na habari za makorongo. Nilianza kwa kuuliza watu wanapenda kula mboga gani.

Nilirudishwa Butembo nikiwa na mvi, nikawekwa mkuu wa wapimaji. Mji ulikuwa umejaa. Wakimbizi walikuwa wamekuja, wafanyabiashara walikuwa wamejenga nyumba za ghorofa, na ukisimama juu ya kilima uliona manjanja yakimetameta kutoka bonde mpaka bonde. Chef de service wa wakati huo alikuwa mtu wa haraka. Hakuwa mbaya, nataka mlielewe hilo. Meza yake ilikuwa imejaa mafaili, na kila faili lilikuwa na mtu anayepiga simu.

Kati ya mafaili hayo kulikuwa na la Patron Kambale, muuza vipuri vya pikipiki. Alikuwa amejenga nyumba nzuri juu ya mteremko, na ua wake wote aliutandika pavé, vile vitofali vya sima vinavyopangwa kama vigae. Maji yote ya paa na ya ua aliyakusanya katika bomba moja lililotokea chini ya ukuta. Bomba lilitazama bondeni, na bondeni palikuwa na nyumba ya Mama Kavira, mwalimu mstaafu, mjane, mwimbaji wa kwaya ya kanisa la Kiprotestanti lililo chini ya kilima. Yeye na marehemu mumewe waliijenga nyumba hiyo tofali kwa tofali wakati wa likizo za shule.

Nilipima. Udongo wazi haukuwapo hata wa kupanda kitunguu. Niliacha faili bila kusaini. Siku moja chef de service akaniita.

“Mama Masika, dossier ya Patron Kambale inangoja nini?”

“Inangoja udongo, chef. Parsele yote iko pavé. Maji inaangukia batu ba chini.”

“Mais ku plan kuko jardin,” akasema, akinionyesha bustani iliyochorwa.

“Ku plan, ndiyo. Nilienda kuona. Mahali ya jardin kuko magari mbili.”

Alishusha miwani. “Ataweka jardin kisha. Mama, weye uko karibu na pension. Bado uko na nguvu ya kugombana na batu?”

Ningependa kuwaandikia kwamba alinitisha, au kwamba mtu alinipa kitu. Hakuna aliyenitisha, na sikupewa hata soda. Mume wangu alikuwa amelazwa, upande mmoja wa mwili wake umekufa. Kila asubuhi nilipitia hospitali kumlisha uji kabla ya kazi, na jioni nilirudi kumgeuza kitandani. Wiki ile nilikuwa nimebishana na watu kwenye parsele sita, na kwenye zote sita walinishinda. Nilitazama swali la chef, nikaona jibu lake ni hapana. Sikuwa na nguvu. Nilichukua kalamu, nikaandika kwenye procès-verbal, ile karatasi ya ushuhuda wetu, kwamba udongo wazi unatosha kulingana na plan. Nikasaini jina langu lote.

Mvua ya kwanza ilichimba mfereji mbele ya jiko la Mama Kavira. Alipanda matete. Mvua zilizofuata ziling’oa matete. Akajaza mifuko ya mchanga, wanakwaya wakamsaidia kuipanga. Mimi niliyasikia haya bironi, kwa wapimaji wangu, na kila mara nilisema nitapita kuona. Sikupita. Mume wangu alifariki katikati ya msimu huo, na hata baada ya msiba, nilipokuwa sina tena sababu, nilizunguka njia ya mbali nisione ule mteremko.

Kisha ikaja mvua ya Jumamosi moja alasiri. Mama Kavira alikuwa kanisani, kwenye mazoezi ya kwaya, na hilo ndilo lililomwokoa. Aliporudi, jiko halikuwapo. Ukuta wa chumba cha kulala ulikuwa umeshuka nalo, na kitanda kilining’inia nusu hewani. Jumatatu wapimaji wangu walileta habari, nikavaa buti, nikaenda peke yangu.

Nilimkuta ameketi kwenye kiti cha plastiki, mgongo kwa nyumba. Kina cha korongo kilizidi urefu wa watu wawili. Chini kabisa, kwenye tope, niliona sufuria na mlango. Nilimsalimia, nikasema pole. Akaniambia polepole kwamba vyombo si kitu. Kilichomwuma ni sanduku lililokuwa chini ya kitanda. Ndani yake mlikuwa na madaftari ya majina ya wanafunzi wote aliowafundisha, tangu mwaka wake wa kwanza.

“Nilikuwaka nasoma ile majina nikikosa usingizi,” akasema.

Nilizunguka kiti, nikasimama mbele yake.

“Mama Kavira, karatasi ya ile nyumba ya juu, ni miye nilisaini.”

“Najua.”

“Unajua namna gani?”

“Chef wa quartier, yule wa mutaa yetu, alinionyesha. Nilisoma jina yako. Tangu mvua ya kwanza niko nangoja uje.”

“Unisamehe, mama.”

“Nitakusamehe. Niko mukristu, nitafanya nini ingine? Lakini ravin haitasikia ile samahani yako.” Alinyoosha mkono nimwinue kitini. “Uko na ile kamba yako? Twende kule juu.”

Tulipanda taratibu, wanawake wawili wenye magoti mabaya, tukishikana. Patron Kambale mwenyewe alifungua lango. Hakuonekana kama mtu aliyelala vizuri. Kabla hatujasema neno alituongoza mpaka nyuma, kwenye ukuta wake wa chini, akatuonyesha ufa uliopanda kutoka msingi hadi dirishani.

Hapa niwaeleze jambo ambalo wengi hawalijui. Korongo halikai lilipozaliwa. Maji yanapoanguka ukingoni yanachimba chini ya ukingo, ukingo unavunjika, na ukingo mpya unakuwa juu zaidi. Sisi tuliita mahali hapo kichwa cha ravin, na kichwa hicho hupanda mlima kila mvua, kikiyafuata maji kule yanakotoka. Nilifungua dekameta, nikapima kutoka kichwani mpaka ukuta wa Kambale. Zilibaki mita kumi na moja.

“Nitamwanga sima pale ku ukingo,” Kambale alisema. “Nilishaita bamaçon, bafundi ba kujenga.”

“Ukimwanga sima, maji itapita chini yake, na siku moja itashuka yote pamoja na ukuta yako,” nikamwambia. “Patron, ondoa pavé upande huu wote. Kata ile bomba. Chimba puits perdus mbili, nitakuonyesha fasi. Kisha panda.”

“Nitoe pavé? Batu batasema nini? Batasema Kambale amefilisika.”

Mama Kavira alikuwa anatazama chini, kule ilikokuwa nyumba yake, ambayo kutoka pale ilionekana yote, na kitanda kikionekana.

“Kambale,” akasema, bila kumwita patron, “Kasoki, mutoto wako, nilimufundisha kusoma. Na weye vilevile, ku mwaka ya pili. Ulikuwaka unakaa ku dirisha. Jina yako iko kule chini, mu matope.”

Yule mtu mzima aliangalia viatu vyake. Kesho yake watu wake walianza kung’oa pavé.

Nilisimamia kazi hiyo mwenyewe siku zote, kila jioni baada ya biro. Tulichimba mashimo mawili, tukayajaza mawe. Tulipanda paspalamu pale juu, na matete pande zote za korongo. Mvua iliyofuata nilikwenda kusimama pale nimejifunika mfuko wa plastiki, nikaona maji yakiingia ardhini. Korongo halikupanda tena siku hiyo. Limepanda kidogo tangu hapo, kwa sababu nyumba nyingine za juu bado zinamwaga, lakini ukuta wa Kambale umesimama.

Nyumba ya Mama Kavira haikuwezekana kuokolewa. Msingi ulikuwa umekatika. Kambale alitoa gari lake kubeba milango, madirisha na manjanja yake, na kumpeleka yeye mwenyewe kwa mdogo wake, upande mwingine wa mji. Mama Kavira alipanda mbele, karibu na dereva. Alinipungia mkono. Kambale alisimama barabarani, lakini yeye Mama Kavira hakumpungia.

Wiki hiyo niliandika procès-verbal ya pili. Niliandika kwamba ile ya kwanza haikusema kweli, kwamba mimi niliyeisaini nilijua haisemi kweli, na niliyoyaona baadaye. Chef de service aliisoma mara mbili.

“Mama Masika, hii karatasi itaharibu dossier yako ya pension. Acha niitupe.”

“Uitie mu dossier, chef.”

“Itasaidia nini sasa? Nyumba ilishaanguka.”

“Sijue itasaidia nini. Uitie tu.”

Sijui kama aliitia. Siku yangu ya mwisho walinipa kitenge na Fanta, chef akasema maneno mazuri, wapimaji wakapiga makofi. Nilikabidhi dekameta. Kijana aliyeipokea aliiviringisha vizuri, nikaona mikono yake ni safi, nikamwonea huruma.

Wanaonitembelea siku hizi huniuliza kama kazi yetu ilileta faida. Hawapendi jibu langu. Nikipita mjini naona parsele nilizozipima mara tatu, zote sima, na mifereji inayoanza mbele yake. Kwa kila ua tuliouokoa, nyua nyingi zilifunikwa. Nilijifunza kwamba karatasi moja yenye jina la mtu aliyechoka inaweza kufanya kazi kubwa kuliko hotuba za miaka yote, na kazi hiyo si nzuri. Ninyi mnaoshika kamba sasa, siku mkichoka, msiguse kalamu. Rudini nyumbani mlale. Faili litawangoja.

Mimi nakaa kwangu, kwenye parsele ya mteremko kama watu wote. Ua wangu ni udongo, maharage, na mlimao mmoja. Wanangu wanalalamika kila wanapokuja, maana nimeteleza mara mbili, na mara ya pili niliumia kiuno. Kusema kweli, asubuhi za mvua, nikisimama mlangoni na fimbo yangu nikiutazama ule utelezi mpaka chooni, natamani sima kama mtu anavyotamani chai.

Wiki jana mvua ilinyesha asubuhi nzima. Ilipokatika, jirani wa chini, mama kijana anayeitwa Katungu, alitoka kuanika mtama wake. Ua wake ulikuwa umelowa tu; hakuna maji yaliyoshuka kutoka kwangu. Alitandaza mkeka, akainua macho akaniona nikitoka kwa shida, tope mpaka kwenye vifundo vya miguu.

“Koko Masika!” akaita; kwetu koko ni bibi. “Batoto bako banashindwa kukumwangia sima?”

“Banataka. Ni miye nakatala.”

“Juu ya nini, koko? Utaanguka siku moja!”

Nilitaka kumweleza. Nilifikiri pa kuanzia, nikaona ni mbali, na mgongo ulikuwa unauma.

“Nilishazoea matope,” nikamwambia.

Alicheka, akatikisa kichwa, akainama tena kwenye mtama wake.